Maji ya Handeni Hayana Kosa

Funguo za kabati la dawa nimezikabidhi juzi. Mizani nimeiacha juu ya meza ya kona, na sindano zimehesabiwa mbele ya shahidi. Naondoka kwa sababu macho yangu hayauoni tena mstari wa zebaki kwenye kipimajoto, na msaidizi wa hospitali asiyeuona mstari huo hubaki kukisia homa kwa kumtazama mgonjwa usoni, kazi ambayo hata jirani anaiweza. Ninyi mnaobaki mmeniomba niandike niliyoyaona Korogwe na Handeni. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua.

Nilianza Korogwe kabla gari la moshi halijafika. Nyumba ya dawa ilikuwa chumba kimoja na baraza, na aliyenipokea ni Mzee Kibwana, mfunga vidonda aliyekuwa amezunguka na askari katika safari zao mpaka akachoka kutembea. Asubuhi ya kwanza alinionyesha meza na kuniambia, "Chemsha vyote vilivyo hapa." Kisha akaenda kumtazama mtu wa funza.

Nikachemsha vyote: mikasi, koleo, vijiko, na kipimajoto. Mzee Kibwana aliporudi, zebaki ilikuwa inakimbiakimbia chini ya sufuria. Aliinama akachungulia.

"Umepata homa kiasi gani?" akaniuliza.

"Sijui, Mzee."

"Nyingi," akasema. "Imevuka kipimo."

Hakunipiga. Alinifundisha kuosha mikono hadi kwenye kiwiko, kuandika daftari siku hiyo hiyo, na kumtazama mgonjwa pale anapoingia mlangoni, kabla hajasema kitu, kwa kuwa akishaketi ataanza kuigiza. Kazi yangu nyingine ilikuwa ukalimani. Bwana Daktari, Mjerumani kijana asiye na mke, alijua Kiswahili cha kitabuni, lakini akina mama wengi waliokuja walisema Kizigua au Kishambaa tu, na mimi nilikaa katikati.

Maziwa ya kopo yalianza kwa nia njema. Mke wa mpagazi mmoja alikufa karibu na kivuko cha mto Ruvu, ndio Pangani, akaacha mtoto wa siku nne. Bwana Daktari alikuwa na kopo moja la unga wa maziwa kutoka kwao. Alinionyesha namna yake: maji yachemke, yapoe hadi yasiunguze mkono, vijiko vitatu vya unga, kisha chupa. Chupa yenyewe ilikuwa bapa kama kobe, na mdomoni mwake ulitoka mrija mrefu wa mpira ulioishia kwenye chuchu, nayo ya mpira. Wanawake waliokuwa barazani waliacha kuumwa ili watazame.

"Jamani, mtoto wa siku nne anavuta kiko!" mmoja akasema.

Mwingine alitaka kujua ng'ombe anayekamuliwa unga anaishi nchi gani. Nikamfasiria Bwana Daktari. Hakuona mzaha. Alieleza kwa kirefu jinsi maziwa mabichi yanavyopashwa moto hadi maji yote yaondoke. Mwanamke yule alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo walikuwa na maziwa mazuri," akasema, "wakayaharibu."

Hata hivyo mtoto alipona, na baada ya miezi mitatu shangazi yake akaja kumchukua. Bwana Daktari alifurahi, akaagiza masanduku. Tulipohamishiwa Handeni, makopo yalikuja nyuma yetu juu ya vichwa vya wapagazi, pamoja na sharti moja: kopo ni la mtoto aliyefiwa na mama, au la mama asiye na maziwa. Nusu ya pili ya sharti hilo ndiyo iliyotuponza.

Mwezi wa kwanza walikuja wanawake wawili wasio na maziwa. Mwezi wa pili walijaa baraza. Jambo lililonishangaza ni kwamba kila mmoja aliletwa na mumewe. Wanaume ambao hatujawahi kuwaona hata wakiwa na vidonda walitembea siku mbili kutoka Kwamsisi, wamebeba watoto wenyewe, wake zao nyuma. Na aliyesema alikuwa mume. "Hana hata tone," aliapa, na mkewe amekaa pembeni, kaniki yake ina mabaka mawili ya maji kifuani.

Niliyatazama mabaka yale. Bwana Daktari, ambaye kwa adabu yake hakumtazama mwanamke chini ya kidevu mpaka iwe lazima, aliandika daftarini: maziwa hakuna.

Ninyi mnajua sababu, lakini naandika hata kwa atakayesoma akiwa mgeni. Kwetu, mama anayenyonyesha halali na mumewe mpaka mtoto atembee vizuri. Wakivunja mwiko huo, husemwa, maziwa huharibika, mtoto hudhoofika na miguu yake haina nguvu. Huyo amebemendwa, na mtaa mzima unajua waliombemenda. Kwa hiyo mwanamume mwenye mtoto mchanga hulala barazani au kwa mama yake, na husubiri. Kopo lilipofika, wanaume wa Handeni walikaa wakafikiri. Madhara hupitia katika maziwa ya mama. Mtoto asiyenyonya hawezi kubemendwa. Basi baba wa mtoto wa kopo anaweza kurudi ndani. Fikira hiyo ilienea kutoka Chanika hadi Sindeni kwa kasi ambayo tangazo la chanjo halijawahi kuipata.

Mimi nilijua tangu yule wa kwanza. Sikusema. Nilijiambia kwamba maneno ya chumbani hayasemwi mbele ya mgeni, tena asiyeoa. Ukweli ni kwamba mimi mwenyewe nilikuwa na mtoto wa miezi mitano nyumbani, na mkeka wangu ulikuwa barazani. Sikutaka kuulizwa nimejuaje.

Bwana Daktari, kwa upande wake, aliamini amegundua ugonjwa mpya. Wanawake wa wilaya nzima wanakaukiwa na maziwa: lazima ni maji, au udongo, au mahindi. Akaagiza chupa ya maji ya kila kisima, kila moja na karatasi yake, na udongo katika kopo la tumbaku, vipelekwe Dar es Salaam vikachunguzwe. Visima nilivizunguka mimi. Nilichota kwa uangalifu, nikafunga vizibo kwa nta, na kila hatua nilijua nimebeba maji ya bure.

Hapo ndipo alipokuja Sefu. Alikuwa seremala wa bomani na rafiki yangu. Kiti ninachokalia nikiandika haya alikichonga yeye. Alimleta mkewe Mwanaidi na mtoto wao Hatibu, wa mwezi wa tatu, mapaja yake yana mikunjo mitatu mitatu.

"Mke wangu hana maziwa," Sefu akasema, macho yake yako dirishani.

"Muulize mama," Bwana Daktari akaniambia. "Yameisha lini?"

Nikamuuliza Mwanaidi kwa Kizigua.

"Muulize baba Hatibu," akajibu. "Yeye ndiye aliyeyaona yakiisha."

"Yameisha karibuni, Bwana Daktari," nikasema.

Kopo likatolewa. Nikamfundisha Mwanaidi kuchemsha, kupima, kuosha mrija. Alisikiliza vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfundisha. Alirudia kila neno. Mwishoni akauliza, "Na titi je, nimpe pia, au kopo peke yake?"

Swali hilo lilikuwa la kumpelekea daktari. Sefu alinitazama. Nilikumbuka mkeka wake, na wangu.

"Kopo peke yake," nikajibu mwenyewe.

Baadaye nilijua yaliyotokea nyumbani kwa wale wengine. Akina mama walipokea makopo yetu kwa heshima, wakafika kwao, wakawagawia watoto wakubwa waulambe ule unga, au wakautia katika uji wa babu. Wao waliendelea kunyonyesha kama kawaida, na waume zao waliambiwa mtoto kalitapika kopo lote. Mikeka ilibaki barazani. Katika wanawake wote wa daftari lile, mmoja tu alitutii, naye alikuwa Mwanaidi. Alijifunga kitambaa kifuani siku ile ile, akavumilia maumivu, na baada ya wiki chache maziwa yake yalikauka kweli.

Kisha mvua zikaja. Mto ulijaa, wapagazi wakakwama ng'ambo ya Korogwe na masanduku yetu, na rafu ya makopo ikabaki tupu. Sefu hakuja kusema. Aliona aibu. Alilibania kopo la mwisho: vijiko vitatu vikawa viwili, kikawa kimoja, kikawa nusu, hadi chupa ikawa na kitu kinachofanana na maji ya kuoshea mchele.

Aliyewaleta kwetu mtoto na mama yake alikuwa mama mzazi wa Mwanaidi, Mama Semeni, mkunga wa Sindeni, aliyepata habari na kuja kwa miguu katika matope. Niliwatazama wakiingia mlangoni, kama nilivyofundishwa. Mikunjo ya mapaja ya Hatibu ilikuwa imebaki ngozi tu. Na hakuwa analia. Mtoto anayelia anaweza kungoja zamu; huyu nilimpitisha mbele ya wote.

Bwana Daktari alifungua daftari. "Huyu hana maziwa tangu mwanzo," akasema. "Nimeandika."

Nikafasiri. Mama Semeni aliangua kicheko kibaya.

"Hana maziwa? Binti yangu huyu akisikia mtoto wa jirani analia, kaniki inalowa! Nani kamwambia hana maziwa?"

Sefu alikuwa mle chumbani. Sasa kumbukeni adabu: mkwe hasemi na mama mkwe ana kwa ana, tena mambo ya namna ile. Sefu aligeukia ukuta, kisha akaona ukuta hautoshi, akaenda kusimama nyuma ya mlango.

"Mwambie huyo baba aliye nyuma ya mlango," Mama Semeni akaniambia, "aseme alichokuja kutafuta hapa."

"Mama anauliza ulikuja kutafuta nini," nikauambia mlango.

"Mwambie mama namheshimu," mlango ukajibu.

"Anasema anakuheshimu."

"Mwambie heshima hainyonyeshi. Mjukuu wangu anakufa."

"Wanasema nini?" Bwana Daktari akauliza. "Wewe, fasiri! Wanasema nini?"

Nilikuwa nimesimama kati ya watu watatu, kila mmoja ananingoja. Nilimtazama Mwanaidi. Sasa akasema, taratibu, kama mtu anayeuliza njia:

"Mimi niliwatii. Wenzangu hawakuwatii, na watoto wao wamenona."

Nikamwambia Bwana Daktari yote: mwiko, mikeka, fikira ya wanaume, mabaka ya kaniki, na jibu langu la "kopo peke yake". Kiswahili changu hakijawahi kuwa kirefu vile. Alisikiliza akiwa ameshika kalamu, na wino ukamdondokea daftarini.

"Wote?" akauliza. "Wote walio humu?"

"Karibu wote, Bwana Daktari."

"Na maji?"

"Maji ya Handeni hayana kosa."

"Na udongo?"

"Udongo nao hauna."

Nyuma ya mlango Sefu alikohoa.

Nilitarajia kiboko. Nilipewa daftari. Adhabu yangu ilikuwa kurudi ukurasa kwa ukurasa, na kando ya kila "maziwa hakuna" niandike sababu ya kweli. Kazi hiyo ilinichukua alasiri mbili, na tangu siku hizo sijui maneno yanayonitisha kuandika.

Lakini mtoto kwanza. Bwana Daktari aliagiza maziwa ya mbuzi, yachanganywe na maji yaliyochemka na sukari kidogo, apewe kwa kijiko. "Akipata nguvu tutaona," akasema. "Maziwa ya mama yaliyokauka hayarudi. Imeandikwa."

"Mwambie aliyeandika hakunyonyesha," Mama Semeni akasema. "Marehemu dada yangu aliacha mtoto mchanga. Nilimnyonyesha mimi, na wangu wa mwisho alikuwa ameshaanza kuchunga mbuzi. Yanarudi. Yanaitwa na mtoto."

Bwana Daktari akampa siku kumi na chumba cha nyuma, tulimokuwa tunaweka masanduku matupu. Mama Semeni alileta sheria zake. Mtoto awekwe titini akilia, na asipolia awekwe pia. Mwanaidi ale uji wa mtama wenye mbegu za maboga zilizotwangwa, na mboga ya kunde, na asibebe kitu kizito kuliko mwanawe. Sefu alale kwenye karakana yake ya useremala, na mlango ufungwe kwa nje.

"Mume ni huyu hapa," alisema akimtikisa Hatibu. "Mume wangu mdogo. Yule mkubwa angoje."

Bwana Daktari alijaribu kueleza kwamba, kwa elimu ya kwao, kurudi kwa baba chumbani hakudhuru maziwa.

"Mwambie aoe kwanza," Mama Semeni akasema.

Nilifasiri hilo pia. Bwana Daktari akawa mwekundu hadi masikioni.

Taabu ilikuwa kwamba Hatibu hakulitaka titi. Alikuwa amezoea mpira. Akiwekwa kifuani aligeuza uso na kulia kilio kile chembamba. Siku ya pili mizani, ile ya kupimia mpira wa mashamba tuliyoitengenezea kikapu, ilionyesha amepungua. Siku ya tatu akapungua tena. Mwanaidi aliacha kula. Mama Semeni alikuwa anamdondoshea maziwa ya mbuzi juu ya titi kwa kijiko ili yatiririke mdomoni mwa mtoto, lakini nusu yalimwagika.

Ndipo alipoiona chupa yetu juu ya rafu. Aliichukua, akautazama mrija wake mrefu, akaomba mkasi.

"Anataka kufanya nini?" Bwana Daktari akauliza.

"Sijui, ila mkasi keshauchukua."

Alikata ile chuchu ya mpira akaitupa. Ncha moja ya mrija akaitia katika kikombe cha maziwa ya mbuzi, ncha ya pili akaibana kwa kidole kando ya titi la Mwanaidi. Hatibu alishika vyote viwili pamoja. Akavuta. Maziwa yakapanda katika mrija, na kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi mtoto yule alivuta titi la mama yake bila kulikataa. Bwana Daktari alivuta stuli, akakaa upande wa pili wa pazia, na kila baada ya muda aliuliza, "Anavuta?" Nami nikajibu, "Anavuta."

Siku ya nne na ya tano mizani ilisimama pale pale. Nawaambia ninyi vijana, hakuna kitu kizito kama mshale wa mizani usiosogea. Sefu alikuwa anakuja kila asubuhi dirishani, ananitazama tu mimi, na mimi natikisa kichwa.

Siku ya saba nilikuwa nakoroga dawa za kikohozi niliposikia Mama Semeni ananiita. Hatibu alikuwa kifuani, mrija kando ya mdomo wake, koo lake linapanda na kushuka. Mama Semeni alikuwa ameshika kikombe. Akakigeuza chini juu mbele yangu. Hakikutoka kitu. Kikombe kilikuwa kimekwisha zamani, na mtoto bado anameza.

Nilimwita Bwana Daktari. Mwanaidi alijifunika upande, na daktari akainama mbali kidogo, mikono nyuma, akasikiliza. Ilikuwa sauti ndogo tu, kama mtu anayekunywa maji chumba cha pili. Alisikiliza mpaka mgongo ukamuuma, kisha akaenda mezani kwake, na nikaona anaandika bila kusimama.

Baada ya hapo tulikuwa na utaratibu mpya, ambao mnaufuata mpaka leo bila kujua ulikotoka: mama mwenye mtoto mchanga huulizwa peke yake, mume akiwa nje. Mwanamke wa kwanza kuulizwa hivyo alisema anayo maziwa tele. Nikamuuliza basi amekuja kuchukua nini. "Mimi?" akasema. "Mimi nimeletwa. Muulizeni yule pale nje." Wiki mbili hazikupita, baraza likawa tupu, na masanduku yalipovuka mto hatimaye, makopo yalitumika kwa yatima peke yao.

Hatibu aliruhusiwa kwenda nyumbani asubuhi moja ya jua, akiwa na mkunjo mmoja katika kila paja. Sefu alikuja na shati safi kuwachukua. Alisimama nje ya kizingiti, uso umeelekea uwanjani, kwa kuwa Mama Semeni alikuwa kwenye kigoda hatua moja tu kutoka kwake. Akaninong'oneza swali la kumuulizia Bwana Daktari: sasa angoje mpaka lini?

Nikafasiri. Bwana Daktari akatazama kigoda.

"Muulize mama," akasema.

Sefu alikuwa amesikia, na Mama Semeni alikuwa amesikia, na wote wawili waliningoja. Nikamuuliza mama kwa Kizigua. Naye akanijibu kwa Kizigua, kwa sauti ya kusikika mpaka bomani, kwamba mkwe wake angoje mpaka Hatibu aweze kukimbia, na siku hiyo itakapofika, atakuja mwenyewe kutoka Sindeni aone anakimbia kasi gani. Nikamgeukia Sefu, nikamfasiria Kizigua kwa Kizigua, na sikuacha neno. Akashukuru kwa adabu. Hatibu hakutusikiliza hata mmoja wetu, alikuwa ananyonya.